NDEGE HUYU ANA MIAKA MINGAPI? Pete, manyoya na wageni wanaopita Simiyu kila mwaka

Leo tunaweka siasa na bei ya pamba pembeni kidogo, tunaongelea ndege. Sio zile za Mwanza Airport, hapana. Hawa hawa wadogo wanaoimba kwenye miiba na michongoma, ambao watoto wanawafukuza kwa manati na wakulima wanawalaani mtama ukianza kukomaa.

Swali la leo ni rahisi kuuliza ila kulijibu ndio kazi. Ukimshika ndege wa gramu 12 mkononi, utajuaje kama amezaliwa mwezi jana au ana miaka mitano? Hana meno kama ng'ombe umfungue mdomo uhesabu. Hana pembe. Hakui akaongezeka, maana akishatoka kwenye kiota na kujitegemea tayari ana ukubwa karibu sawa na baba yake. Halafu kuna swali la pili: kwani ukijua inakusaidia nini? Tulieni, yote tutayafikia.

KWANZA, HII HABARI YA PETE

Zamani watu hawakujua ndege wanakwenda wapi. Kule Ulaya mbayuwayu wakipotea kipindi cha baridi, wapo wasomi walioamini kabisa kwamba wanalala chini ya matope ya ziwa. Mwaka 1822 huko Klütz, Ujerumani, alipigwa korongo mweupe akiwa na mkuki umemchoma shingoni, mkuki wa urefu wa sentimita kama 80, na mti wake na chuma chake ni vya Afrika. Yaani jamaa alichomwa mkuki huku kwetu, akaruka nao hadi Ulaya! Korongo huyo alikaushwa na yupo mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ndio ukawa ushahidi wa kushikika kwamba ndege hawa wanakuja Afrika.

Sasa huwezi kuwachoma ndege wote mikuki ili ujue wanakwenda wapi. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, akaja na wazo la maana. Aliwavisha ndege aina ya kuzi pete nyepesi za aluminiamu mguuni, kila pete ina namba yake na anuani. Namba hairudiwi, kwa hiyo ndege akionekana tena, iwe baada ya siku tatu au miaka tisa, unajua ni yule yule. Ni kama namba ya gari tu.

Jibu moja lililowashangaza wengi lilikuja mwaka 1912. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911, alikutwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Mdudu wa gramu 20 kasafiri hivyo bila pasi ya kusafiria wala viza.

NGULIA: KARIBU KULIKO UNAVYODHANI

Ukichukua ramani ukaweka kidole Bariadi, halafu ukakisogeza mashariki moja kwa moja, kama kilomita 470 hivi, utaangukia vilima vya Ngulia ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Latitudo ni karibu ile ile. Pale kuna hoteli ya kitalii iliyojengwa kwenye ukingo wa mlima mwaka 1969, na wakaweka taa kubwa ili wageni waone wanyama usiku.

Kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, hasa mwezi ukiwa haupo, ndege wadogo wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia wanapoteza mwelekeo, wanaona taa, wanashuka. Sio kumi wala ishirini, ni maelfu. Watafiti wakiongozwa na Graeme Backhurst na David Pearson wakaanza kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia. Kazi hiyo imeendelea kwa miongo kadhaa na ndege wahamaji zaidi ya laki tatu wameshavishwa pete pale. Pete za Ngulia zimekuja kuonekana Mashariki ya Kati, Urusi na sehemu nyingine za Ulaya, na pete za huko zimenaswa Ngulia.

Wahamaji hawa hawaishii Tsavo. Mbayuwayu na korongo weupe wa Ulaya wanajaa Serengeti na maeneo yanayoizunguka wakati wa mvua, na Simiyu ndiyo jirani wa Serengeti kabisa. Pori la Akiba la Maswa liko kwetu, lango la Ndabaka liko jirani na Lamadi. Kwa hiyo yule mbayuwayu unayemuona Novemba amekaa kwenye waya wa umeme, anaweza kuwa amezaliwa kwenye zizi la ng'ombe huko Finland.

WANAVYOFANYA KAZI

Wavu wenyewe ni wa nailoni, uzi mwembamba kama nywele, mweusi, unasimamishwa kati ya miti miwili mbele ya kichaka. Ndege hauoni, anaingia, anadondokea kwenye mfuko wa wavu, anabaki ananing'inia. Wavu hauachwi hovyo, unakaguliwa kila baada ya muda mfupi maana jua la huku kwetu linaua haraka. Mtaalamu anamtoa taratibu, anamtia kwenye mfuko wa kitambaa, anatulia gizani.

Kisha inakuja meza. Pete inachaguliwa kulingana na unene wa mguu, inabanwa kwa koleo maalumu lenye tundu ili isimkate. Kwa ndege mdogo pete haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Urefu wa bawa unapimwa kwa rula, uzito kwenye mizani, anapulizwa tumboni ili manyoya yafunguke waone kama ana mafuta. Mafuta ndiyo petroli yake, aliyenona ana safari ndefu mbele. Halafu wanaangalia umri, wanaandika, wanamuachia. Kwa mwenye mkono mwepesi, yote hayo ni dakika chache tu.

SASA UMRI UNAJULIKANAJE?

Hapa ndipo penye utamu. Mtaalamu anamsoma ndege kama mzee wa mnadani anavyomsoma ng'ombe. Hatumii alama moja, anakusanya nyingi halafu anaamua.

1. Pembe za mdomo. Kinda ana ngozi laini ya njano au nyeupe pembeni mwa mdomo, ile inayomsaidia mama kulenga chakula. Ikiwa bado imevimba, huyo katoka kiotani juzi tu. Alama hii inapotea mapema.

2. Ubora wa manyoya. Kinda anaota manyoya yote kwa haraka na kwa mara moja, kwa hiyo yanakuwa mepesi na yenye nafasi nafasi, kama shati la bei chee. Baadaye anayabadilisha kidogo kidogo. Mara nyingi dogo anabadilisha ya mwilini kwanza na baadhi ya yale yanayofunika bawa kwa juu, lakini yale makubwa ya kurukia anabaki nayo. Ukifungua bawa unaona mpaka: huku mapya yanayong'aa, huku ya zamani yamepauka. Mpaka huo ndio wataalamu wanautafuta kuliko kitu kingine.

3. Mistari ya mkia. Chakula kikipungua siku moja, unyoya unaokua unaacha mstari hafifu. Manyoya ya mkia ya kinda yalikua yote pamoja, kwa hiyo mistari inalingana kutoka unyoya mmoja hadi mwingine kama umechora kwa rula. Mkubwa ameyabadilisha kwa nyakati tofauti, mistari yake haipangani.

4. Fuvu. Ndege mdogo akizaliwa fuvu lake lina tabaka moja. Taratibu linaota tabaka la pili chini yake, na kati yake kuna vinguzo vidogo sana. Mtaalamu analowesha manyoya ya kichwa kwa maji, anayatenganisha, anaangalia kupitia ngozi. Tabaka moja linaonekana la waridi tupu, tabaka mbili linaonekana jeupe lenye vidoti. Kazi hii inachukua miezi kadhaa, na inatofautiana kati ya aina na aina.

5. Jicho na ulimi. Kwa aina nyingi rangi inayozunguka mboni ya jicho inabadilika na umri, ya dogo huwa ya kijivu iliyofifia na ya mkubwa huwa ya kahawia iliyokolea. Wale ndege wa matete nao wana kituko chao, makinda wana vidoti viwili vyeusi kwenye ulimi, na vinafifia wakikua.

6. Tumbo. Anayeatamia mayai anapoteza manyoya ya tumboni na ngozi inajaa damu ili ipashe mayai joto. Ukiona hivyo huna haja ya kuuliza, huyo ni mtu mzima mwenye familia.

Ila kuna ukuta. Ndege akishabadilisha manyoya yote na fuvu likakamilika, hakuna tena alama ya kumtofautisha wa miaka miwili na wa miaka saba. Hapo mtaalamu anaandika tu "mkubwa" basi. Anayeweza kukuambia umri wake kamili ni pete peke yake: kama alivishwa akiwa kinda, unahesabu miaka kuanzia siku ile. Ndio maana umri na pete haviachani.

KALENDA YA ULAYA HAIFANYI KAZI BARIADI

Huko Ulaya mambo ni rahisi. Ndege wadogo wanazaliana kipindi cha joto tu, kwa hiyo wote wanahesabiwa umri kwa mwaka wa kalenda. Aliyezaliwa mwaka huu anaandikwa namba 3, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari anageuka namba 5. Yaani wote wana siku moja ya kuzaliwa.

Jaribu kufanya hivyo huku kwetu uone. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba na zinasukuma hadi Mei, na kuna kipindi cha ukavu katikati. Mnana anajenga mvua ikishika na majani yakiwa marefu, mwingine anazaa mwisho wa mvua, mwingine mara mbili. Msimu wa kuzaa unaukata mwaka mpya katikati! Kinda wa Desemba 28 na kinda wa Januari 4, waliopishana wiki moja tu, kwa hesabu za Ulaya wangeonekana wamepishana mwaka mzima. Hiyo ni hesabu ya wapi?

Ndio maana mwaka 2010 watafiti watatu, Jared Wolfe, Thomas Ryder na Peter Pyle, walichapisha mfumo unaoachana na kalenda na kufuata mizunguko ya manyoya. Wao wanauliza: ndege huyu yuko kwenye manyoya yake ya kwanza? Anabadilisha kwenda ya pili? Ameshamaliza mzunguko kamili? Haijalishi ni mwezi gani. Kwa nchi za ukanda wa joto kama yetu, mfumo wa namna hii unaingia akilini zaidi.

DOGO ANAYEJIFUNZA KUIMBA SAFARINI

Kuna ndege mmoja wa kahawia, hana rangi wala madoido, kitaalamu Acrocephalus palustris. Ngulia ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi kabisa. Anazaliwa Ulaya, anapita Afrika Mashariki, anaendelea kusini. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha mwaka 1979 utafiti wake alioufanya Ubelgiji, na alichokikuta ni noma. Wimbo wa ndege huyu karibu wote ni kuiga. Dume mmoja kwa wastani anaiga aina 76 za ndege wengine, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Kwa jumla alitambua aina 212 zilizoigwa, 99 za Ulaya na 113 za Afrika.

Na hapa umri unaingia. Anajifunza wimbo wake katika mwaka wa kwanza wa maisha tu. Baba zao wanaacha kuimba mapema, kwa hiyo dogo hajifunzi kwa baba, anaondoka peke yake usiku bila mzazi wa kumuonyesha njia, na kila anapotua anaokota sauti za wenyeji. Mwaka unaofuata anarudi Ulaya anaimba sauti za vichaka vya Afrika. Mzungu amekaa bustanini kwake anasikiliza ndege wetu bila kujua!

Fikiria sasa vichaka vya njiani vikifyekwa vyote. Mkubwa anajua njia, dogo hajui. Ukihesabu ndege bila kujua umri utaona "wamepungua" basi. Ukijua umri utaona nani anakufa: makinda hawazaliwi huko Ulaya, au wanazaliwa ila hawafiki huku, au wakubwa ndio hawarudi. Ni matatizo matatu tofauti na dawa zake tofauti.

Hapa Tanzania kuna mfano. Katika misitu ya Usambara Mashariki, William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa na kuvisha pete ndege wa chini ya msitu tangu 1987. Kwa kuwanasa tena wale wale miaka mingi, wameweza kuonyesha kwamba kwa aina kadhaa, ndege waliobaki kwenye vipande vidogo vya msitu wako hali mbaya kuliko walio kwenye msitu mkubwa. Kwa macho ungeona ndege wapo tu, wanaimba. Pete ndizo zilizosema kwamba wanaisha.

NA KWELEAKWELEA JE?

Najua wapo mliokuwa mnasubiri hapa. "Mnatuletea habari za ndege wa Ulaya wakati sisi mtama umeliwa!" Haya, kweleakwelea naye ni ndege mdogo wa jamii ile ile ya waimbaji, ndugu wa mnana. Ana gramu kama 20 na anaweza kula gramu kama 10 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa milioni moja uone: tani 10 kwa siku.

Umri wake unasomeka kwenye mdomo. Kinda mdomo wake ni wa kijivu chenye uzambarau, unageuka waridi, kisha mwekundu. Jike anayezaa mdomo wake unakuwa wa njano. Fuvu nalo linatumika. Na kundi lote linakwenda pamoja, wanajenga pamoja, wanataga pamoja, wanatotoa pamoja, na koloni zima linamaliza kazi yake ndani ya wiki kama sita. Kwa hiyo ukinasa wachache ukajua umri wao, unaweza kurudi nyuma kwenye hesabu ukajua walitotolewa lini, na mvua ilinyesha wapi wakati huo. Ukikuta makinda tele, jua koloni haliko mbali na kundi jipya lenye njaa limeingia mtaani. Ukikuta wakubwa wamekonda na majike wana midomo ya njano, hao wametoka kuzaa kwingine.

Pete hapa zina kikomo chake, kwa sababu ukivisha elfu moja kwenye kundi la milioni, nafasi ya kumuona tena ni ndogo mno. Ndio maana miaka ya 1980 huko Ethiopia watafiti walitumia eropleni kuwapulizia kwelea chembe za rangi inayong'aa, wakaja kuwakuta ndege hao hao wanazaa tena sehemu nyingine katika msimu ule ule. Wanafuata mvua, wanazaa, wanahama, wanazaa tena.

Hili lina maana kubwa kwa mkulima. Njia inayotegemewa kuwadhibiti ni kunyunyizia sumu ya fenthion kwenye malalo na makoloni yao. Ukipuliza leo kundi ambalo kesho lilikuwa linahama lenyewe, umetumia pesa na sumu bure, na umeua bundi, mwewe na nyuki ambao hawajala hata punje yako. Kujua umri na hatua ya kundi ni kujua wakati gani upulize na wakati gani usipulize.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: NDEGE WALIOKUFA KWA SUMU SIO KITOWEO. Fenthion inashambulia mishipa ya fahamu, ya ndege na ya binadamu vile vile. Kule Kondoa watu wanawanasa kwelea kwa mitego na kuwala, hiyo ni habari nyingine, hao hawana sumu. Lakini ukiokota chini ya mti baada ya eropleni kupita, unawapelekea watoto sumu nyumbani.

UKIOKOTA PETE FANYA HIVI

Kwanza usiogope. Pete sio uchawi na sio ujasusi. Hata wakubwa wameshatishika, mwaka 2011 huko Saudi Arabia tumbusi aliyekuwa na alama ya Chuo Kikuu cha Tel Aviv alikamatwa akashukiwa kuwa jasusi wa Israel! Alikuwa anatafuta mzoga tu masikini.

- Ndege akiwa hai, usimvue pete. Soma namba na maandishi yote, au piga picha kwa simu pande zote, muachie aende.
- Akiwa amekufa, chukua pete. Usiitie kwenye cheni ya shingoni wala usiifanye kipuli.
- Andika tarehe, kijiji na wilaya, na alivyopatikana: amegongwa na gari, ameliwa na paka, amepigwa manati. Sema ukweli, hawakuja kukukamata, wanataka data.
- Angalia jina la mji au taasisi kwenye pete. Ukiona Moskwa, Helsinki, Hiddensee au Radolfzell, ni pete ya Ulaya, na tovuti ya euring.org itakuelekeza pa kutuma. Ukiona Nairobi, ni ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukiona Pretoria, ni ya Afrika Kusini, mradi wao unaitwa SAFRING na uko Chuo Kikuu cha Cape Town.

Dakika tano za kafe zinatosha. Baadaye wanakuandikia ndege wako alivishwa wapi, lini, na alikuwa na umri gani siku hiyo. Unapata barua pepe inayokuambia kwamba mbayuwayu aliyegonga dirisha la shule ya kijijini kwenu ametembea kilomita elfu kadhaa.

Angalizo: kusoma pete ni ruhusa kwa kila mtu, kunasa ndege sio. Utafiti wa wanyamapori hapa nchini unahitaji vibali, COSTECH na TAWIRI wanahusika, na kuvisha pete kunafundishwa kwa vitendo chini ya mtu mzoefu kabla hujaachiwa ushike wavu peke yako. Usitoke hapa ukaenda kutega nyavu ukasema umesoma kwenye blogu.

Kinachoniuma ni kwamba wahamaji hawa wanaishi na sisi miezi mingi ya mwaka, kuliko hata wanavyokaa huko wanakozaliana, halafu karibu kila tunachokijua kuhusu umri wao kimeandikwa na watu wa huko. Vijana wa Simiyu wenye macho makali wapo. Wachunga ng'ombe wanaomjua kila ndege kwa mlio wapo. Kinachokosekana ni daftari, tarehe na namba.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ushaona ndege mwenye pete? Kijijini kwenu kwelea walikuja mwezi gani, na midomo yao ilikuwa rangi gani? Na kwa Kisukuma wale wadogo wa kahawia mnawaitaje? Tiririkeni hapo chini kwenye maoni.